Kabla hujabeba sabufa, sikiliza kwanza

Leo tuzungumze jambo ambalo kwenye nyumba nyingi huachiwa vijana na mafundi: spika za kompyuta. Najua kuna mama hapo anataka kugeuza ukurasa. Mama, usigeuze. Jambo hili lilinigharimu shilingi laki mbili na nusu, lilininunisha na baba watoto siku nne, na lilikaribia kuniharibia kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Kitu chenyewe ni kaseti tatu. Marehemu baba yangu alifanya kazi Muscat miaka ya 1980. Mama yangu kusoma kulikuwa kunampa tabu, na baba hakutaka barua za mkewe zisomwe na jirani. Kwa hiyo akawa anazungumza kwenye kaseti na kumpa mtu anayerudi nyumbani. Wenye umri wangu wanaikumbuka desturi hiyo. Kaseti zilikuwa nyingi, lakini kwa kuhama nyumba na mvua, zimebaki tatu. Baba alifariki mwaka 2003. Kila Ramadhani mama alikuwa anazisikiliza, mpaka redio yake ya kaseti ilipokufa kabisa.

Sasa mama ana miaka 78 na anaishi nasi. Mwaka jana mwanangu wa kiume akaniambia, "Mama, tuzihamishe kaseti za babu ziingie kwenye kompyuta, halafu tununue spika nzuri bibi asikilize." Wazo zuri, nikafurahi. Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika, nikachukua fedha zile tukaenda Kariakoo. Baba watoto sikumwambia. Hilo ni kosa langu, na nitalirudia mbele.

Dukani tulionyeshwa sabufa yenye spika mbili ndogo na boksi kubwa la besi, taa za rangi zinawaka mbele. Kwenye boksi imeandikwa wati 10,000. Muuzaji akaweka wimbo wake, kifua kikatetemeka, mwanangu akatabasamu. Nikalipa.

Nyumbani kijana akaazima deki ya kaseti kwa rafiki yake, akachukua waya, akaingiza kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta yetu ya mkononi, ambayo ni ya zamani kidogo. Akarekodi. Jioni tukamwita mama, tukamkalisha kwenye kochi. Sauti ikatoka. Mama akasikiliza kama dakika moja hivi, kisha akasema, "Huyu si mume wangu. Huyu ni mtu anaongea ndani ya pipa." Akanyanyuka, akaingia chumbani kwake.

Baba watoto akauliza, "Hilo pipa umenunua shilingi ngapi?" Hapo ndipo zikaanza siku nne.

Fundi hakuanza kwa kufungua kitu

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja fundi redio. Amezitengeneza tangu zile za taa. Nilimfuata nikiwa nimekasirika, nikitaka aniambie tu kama sabufa ni mbovu. Akaniambia, "Mwanangu, sauti ni kama maji ya bomba. Yakifika machafu kwenye ndoo, usianze kuilaumu ndoo. Fuata bomba."

Akafanya mambo matatu, na mambo haya hata wewe unaweza kuyafanya nyumbani bila bisibisi.

Kwanza alichukua ile sauti aliyorekodi mwanangu akaisikiliza kwa hedifoni badala ya sabufa. Besi ya pipa ikaondoka, lakini sauti ilikuwa inakwaruza, kila baba akipaza neno linapasuka. Kwa hiyo kosa moja lilikuwa kwenye kurekodi.

Pili aliiunganisha deki moja kwa moja kwenye sabufa, kompyuta akaiweka pembeni. Mikwaruzo ikaisha, lakini pipa likarudi. Kosa la pili ni sabufa yenyewe.

Tatu akachomeka hedifoni kwenye deki. Hakuna mikwaruzo, hakuna pipa, lakini sauti imefifia kama mtu aliyejifunika shuka mdomoni. Kosa la tatu ni deki.

Yaani tulikuwa na makosa matatu kwenye mstari mmoja, na mimi nilikuwa tayari kwenda kununua sabufa kubwa zaidi. Tuyachukue moja moja.

Kadi ya sauti: nani anaihitaji?

Ndani ya kompyuta hakuna muziki, kuna namba. Kwenye CD, kwa mfano, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Kadi ya sauti ndiyo inayozigeuza namba hizo kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Unaporekodi inafanya kinyume: inapokea umeme na kuugeuza namba.

Zamani kompyuta za kawaida zilikuwa zinatoa mlio wa "bip" tu. Ukitaka muziki, unanunua kadi na kuichomeka ndani. Iliyojulikana zaidi ni Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989. Siku hizi karibu kila kompyuta inakuja na sehemu ya sauti ndani yake. Ndiyo maana mtu anayetaka kusikiliza tu mara nyingi hahitaji kununua kadi. Fedha yake iende kwenye spika.

Unahitaji kadi kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kelele. Vaa hedifoni, usicheze wimbo wowote, pandisha sauti taratibu. Ukisikia mluzi au mchakato unaobadilika unaposogeza mausi au kufungua faili, huo ni umeme wa ndani ya kompyuta unaingia kwenye sauti. Kadi ndogo ya nje inayochomekwa kwenye USB hukaa mbali na vurugu hiyo na mara nyingi inalimaliza tatizo. Lakini kama ni mvumo mzito unaosikika kwenye spika pale tu unapochomeka chaja, na ukichomoa chaja unaisha, usikimbilie kadi. Tatizo hilo huwa ni njia za ethi za vyombo viwili kugongana. Anza kwa kuchomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja.

Sababu ya pili ni tundu bovu. Tundu la hedifoni limelegea, spika moja inasikika na nyingine hapana mpaka ushike waya kwa kidole. Kadi ya USB ni nafuu kuliko kufungua kompyuta nzima.

Ya tatu ndiyo iliyotukuta sisi: kurekodi. Sauti ya maikrofoni ni ndogo sana, kwa hiyo tundu la maikrofoni huikuza mara nyingi. Deki ya kaseti inatoa sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukiiingiza kwenye tundu la maikrofoni ni kama kumwaga ndoo nzima kwenye kikombe. Inamwagika, na kilichomwagika hakirudi. Ndiyo ile mikwaruzo. Isitoshe, matundu mengi ya maikrofoni hupokea upande mmoja tu, si kushoto na kulia.

Kwenye kompyuta nyingi za mezani angalia rangi nyuma: kijani ni kutolea sauti kwenda spika, waridi ni maikrofoni, bluu ni kuingizia sauti kutoka deki au redio. Tundu la bluu ndilo unalotaka. Kompyuta za mkononi nyingi hazina tundu hilo, kwa hiyo unanunua kadi ya USB, lakini soma boksi. Zile ndogo kama kidole zinazouzwa kila kona nyingi zina hedifoni na maikrofoni tu. Tafuta iliyoandikwa "Line In", yenye kushoto na kulia.

Muuzaji akikwambia hii ni ya 192 na ile ya 96, usibabaike. Masikio ya kijana mwenye afya yanasikia kuanzia kama hezi 20 hadi 20,000, na sisi wakubwa kila mwaka tunapoteza kidogo kule juu. Ile hesabu ya CD, 44,100, inatosha kubeba yote hayo. Kaseti ya mwaka 1986 haina siri yoyote iliyofichwa juu ya hapo.

Spika: wati za karatasi na wati za kweli

Sasa zile wati 10,000. Mzee aligeuza sabufa, akasoma karatasi ndogo nyuma inayoonyesha umeme unaoingia. Inakula wati 60. Akaniuliza, "Mwanangu, ukiweka unga kilo moja kwenye sufuria, unaweza kupakua ugali wa kilo mia?" Nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Wati kubwa za kwenye boksi huandikwa PMPO. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha namba hiyo, kila mtengenezaji anaandika anavyopenda. Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Muuzaji asipoijua, geuza chombo usome nyuma kama alivyofanya mzee.

Na wala huhitaji nyingi. Kuongeza wati mara mbili kunapandisha sauti desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama mara kumi ya wati. Kwa mtu aliyekaa mezani au kwenye sebule ya kawaida, wati 10 hadi 20 za kweli kwa kila spika ni nyingi.

Kilichofanya baba awe pipa ni mgawanyo. Sauti ya mwanamume inaanzia chini, kwenye hezi mia moja na kitu, lakini maneno tunayatambua kwa herufi kama s, f, t na k, ambazo ziko juu zaidi, kwenye maelfu ya hezi. Sabufa yetu iliikuza sana ile sehemu ya chini. Spika zake mbili ndogo, plastiki nyepesi, zikawa dhaifu katikati, mahali sauti ya mtu inapoishi. Mngurumo ukabaki, maneno yakapotea. Kwa mtu mwenye miaka 78 ni vibaya zaidi, kwa sababu uzee huanza kuchukua zile herufi kali. Vijana wanamwongezea bibi besi wakidhani wanamsaidia, kumbe wanazidi kumfunika.

Sisemi sabufa ni mbaya. Kama mtindo wa nyumba yako ni singeli na sherehe, itakufaa. Lakini nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1970 zilirekodiwa kwenye kanda katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Uzuri wake uko kwenye magitaa yanayojibizana na waimbaji, na besi nyingi huzifunika.

Ukienda dukani, fanya hivi:

Beba flashi yenye nyimbo unazozijua. Mmoja uwe wa sauti ya mtu na ala chache, mmoja wa magitaa au udi, mmoja wa ngoma, na dakika moja ya mtu anayezungumza. Usikubali kuhukumu kwa wimbo wa muuzaji. Ameuchagua kwa sababu unaipendeza spika yake.

Rudisha vifundo vya besi na sauti kali katikati. Mara nyingi utavikuta vimepandishwa.

Ukilinganisha spika mbili, ziwe na sauti sawa. Inayopiga juu zaidi kidogo itaonekana bora hata kama si bora. Wauzaji wanalijua hilo.

Sikiliza kwa sauti ya chini. Spika nzuri hueleweka hata ikinong'ona.

Gonga boksi kwa vidole. La mbao zito hutoa mlio mfupi, mzito. La plastiki jepesi hulia kama debe, na litalia hivyo hivyo ndani ya muziki wako. Tafuta yenye wufa na twita, na wufa isiwe ndogo sana. Inchi tatu hadi tano kwa mezani ni nzuri.

Kuhusu Bluetooth, kwa kusikiliza wakati unapika haina ubaya. Lakini sauti huchelewa kidogo, kwa hiyo kwa kijana anayejifunza kinanda au kurekodi kwenye kompyuta, waya bado ni bora.

Halafu kuna dawa isiyouzwa: mahali pa kuziweka. Sisi tuliliweka boksi la besi kwenye kona, na kona hukuza besi. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, twita ziwe usawa wa masikio, zisiguse ukuta. Jaribu leo kwa spika ulizonazo kabla hujatoa hata senti.

Kaseti haisubiri

Kosa la tatu lilikuwa deki. Mzee alichukua pamba na spiriti, akasafisha kichwa kinachosoma kanda. Pamba ikatoka kahawia. Kisha akagusa skurubu ndogo pembeni ya kichwa huku kaseti ikicheza, robo mzunguko huku, robo kule, mpaka herufi s zikasikika. Hilo mwachie fundi.

Na hapa niseme lililoniuma. Siku ile ya kwanza mwanangu, kwa haraka, alibonyeza kitufe cha kurekodi pamoja na cha kucheza. Aliachia upesi, lakini sekunde kama nne za babu yake zimefutika. Pale katikati ya sentensi kuna kimya. Sikumgombeza, alikuwa ameshalia mwenyewe. Nyuma ya kila kaseti kuna vijiti viwili vidogo vya plastiki. Kivunjeni kila kimoja leo, kabla ya kitu kingine chochote, na deki itakataa kurekodi juu yake.

Mengine ni mafupi. Rekodi mara ya kwanza kanda inapocheza, usiseme tujaribu kwanza, kwa sababu kanda ya zamani inaweza kukatika wakati wa jaribio. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka kipimo cha sauti kiache nafasi juu, kisiguse mwisho hata pale mtu anapocheka. Hifadhi nakala ya kwanza kama WAV. Saa moja ni kama megabaiti 635, flashi ya kawaida inabeba nyingi. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua kirahisi, ni nzuri kwa kuwatumia ndugu kwenye simu, lakini ya kuhifadhi iwe WAV, kwenye vitu viwili tofauti, nyumba mbili tofauti.

Masikio ya watoto

Ukishapata spika nzuri, hatari nyingine ni kuzipenda mno. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75. Kila ukipandisha desibeli tatu, muda salama unakatika nusu. Kipimo changu cha nyumbani ni rahisi: kama mtoto amevaa hedifoni na mimi nasikia wimbo wake nikiwa mlangoni, au kama namwita na inabidi nipige kelele, ni kubwa mno. Usikivu wa ndani ya sikio ukifa haurudi kama nywele.

Yalivyoisha

Duka halikukubali kurudishiwa sabufa. Nilimuuzia kinyozi wa mtaani kwa laki na nusu, na inamfaa kabisa. Baba watoto nilimwomba radhi, si kwa sabufa bali kwa kutomwambia. Akasema, "Ungeniuliza, ningekukatalia." Nikamwambia ndiyo maana sikuuliza. Tukacheka, yakaisha. Lakini wenzangu, fedha ya mchezo ni yako, kukaa nayo kimya ndiko kunakoleta maneno. Yeye ndiye aliyekwenda na mzee kutafuta spika mbili za mbao zilizotumika, zenye amplifaya yake ndani, pamoja na kadi ya USB yenye tundu la kuingizia. Vyote havikufika bei ya lile pipa.

Tulirekodi kaseti ya kwanza siku ya Ijumaa mchana. Mama alikaa palepale kwenye kochi. Baba alisalimia, akakohoa, kwa nyuma ikasikika adhana ya huko. Akauliza habari za fulani na fulani, wengi wao sasa marehemu. Kisha akauliza, "Na huyo mdogo, ameshaota meno?"

Mdogo huyo ni mimi. Mama akainama mbele kidogo, akaijibu spika, "Ameota, baba, ameota zamani."

Kama nyumbani kwenu kuna kaseti kwenye boksi la viatu juu ya kabati, wiki hii ishushe, uvunje vile vijiti. Spika tutazitafuta taratibu. Tukutane wiki ijayo.